Kisichodumu, Je, Kina Thamani?

Ni ada ya watu kupima thamani ya kitu kwa muda wa kudumu kwake. Nyumba ya mawe huheshimiwa kuliko kibanda cha makuti, na mtoto aliyekufa kabla ya arubaini hutajwa kana kwamba hakuja. Sisi twauliza: kipimo hiki ni cha haki?

Natukitazame chuma. Ndicho msumari wa jahazi na jembe la mkulima, na ndicho kiitiacho damu wekundu. Lakini kilicho kingi ulimwenguni hakikuzaliwa chuma. Nyota ipasukapo, viini vya atomu huungana kwa ukali wa moto vikawa nikeli yenye uzani wa 56, nayo haina uthabiti: kila zipitapo siku 6, nusu yake hugeuka kobalti. Na kobalti hiyo, kila zipitapo siku 77, nusu yake hugeuka chuma.

Wala haya si ya kukisia. Februari 1987 ilionekana nyota iliyopasuka katika Wingu Kubwa la Magellan, mbali nasi kadiri ya miaka 168,000 ya mwendo wa nuru. Wataalamu wakaipima nuru yake ilivyofifia. Baada ya miezi michache wakaiona yapungua nusu kwa kila siku 77, sawasawa na kobalti. Basi kobalti katika kutoweka kwake ndiyo iliyokuwa ikiiwasha nuru ile.

Huenda mtu akatujibu: "Nikeli ni njia tu, makusudio ni chuma." Jibu hili halitoshi kwa berili yenye uzani wa 8. Hiyo huundwa kwa viini viwili vya heliamu ndani ya nyota, na huvunjika kwa muda ulio mchache kuliko sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Karibu zote hurudi kuwa heliamu, zisiache kitu. Chache mno hukutwa na kiini cha tatu kabla hazijavunjika, ndipo ipatikanapo kaboni, iliyomo katika kila mwili ulio hai. Ni nani awezaye kuzitenga mapema, akasema hizi zina faida na zile ni bure? Zisingeundwa zile zipoteazo, hizi chache tusingezipata.

Hatusemi kwamba kiini kina nia, wala kwamba mama aliyefiwa hufarijiwa kwa hesabu za nyota. Twasema tu kwamba amwambiaye mama huyo, "Hakuwa kitu, kwani hakukaa," na atafute hoja nyingine. Hii ya muda haisimami.