Ngoma ya Watoto na Mizani ya Wakubwa

Wahenga walisema: ngoma ya watoto haikeshi. Aghalabu methali hii hutumiwa kwa dharau, kuonyesha kuwa jambo la wasiokomaa halidumu. Lakini inaweza kufahamika kwa njia nyengine: ngoma ya watoto haipasi kukesha, kwa kuwa mchezaji wake anahitaji kulala, na mtu mzima ndiye ajuaye saa ya kuzima taa. Itakuwaje basi pale mtu mzima mwenyewe ndiye anayetaka ngoma iendelee?

Mwaka 2003 Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ulianzisha mjini Copenhagen mashindano ya nyimbo ya watoto, yakawa mdogo wa yale ya watu wazima yaliyokuwapo tangu 1956. Kila nchi hupeleka waimbaji wake mbele ya kamera za televisheni, kisha pointi hutolewa, nyingi kabisa zikiwa 12. Mshindi wa kwanza alikuwa Dino Jelusić wa Kroatia, mvulana wa miaka 11.

Haukupita muda, ukazuka mvutano. Denmark, ambako mbegu ya mashindano ya namna hii ilipandwa mwaka 2000, ilijitoa pamoja na Norway baada ya mashindano ya 2005. Watangazaji wao waliona kuwa watoto wanatwishwa mzigo mzito mno. Hata hivyo hawakuacha kuwashindanisha. Walirudi katika mashindano yao madogo ya nchi za kaskazini. Walichokikataa si kushindana, bali ukubwa wa kiwanja.

Waliobaki nao walitafuta dawa. Kwa miaka kadhaa kila nchi ilipewa pointi 12 kabla ya kura yoyote kuhesabiwa, ili asiwepo mtoto wa kurudi kwao na sifuri. Huo ni upole, na haufai kubezwa. Lakini ni upole wenye kukiri kosa: anayetandika godoro chini ya mti anajua kuwa amempandisha mtoto juu mno. Tena wa mwisho hubaki wa mwisho, na mtoto ajuaye hesabu haoni taabu kutoa kumi na mbili.

Atakuja wa kusema kuwa watoto wenyewe hupenda kushindana. Ni kweli. Wakikimbia pwani hutaka kujua nani kamtangulia nani. Ila aliyeshindwa huko husema “tena!” na mchezo ukaanza upya, na jioni hakuna akumbukaye. Kwenye televisheni hakuna “tena”. Matokeo huandikwa, na jina la mtoto hufungamanishwa na jina la nchi yake.

Hapo ndipo penye uzito wenyewe. Mwaka 2006 mapacha Tolmachevy wa Urusi, wenye miaka tisa, walishinda mashindano ya watoto. Mwaka 2014, wakiwa na miaka 17, waliiwakilisha tena nchi yao katika mashindano ya wakubwa, na wakazomewa ukumbini kwa mambo ya dola ambayo wao hawakuyaamua. Hasira ya wazomeaji huenda ilikuwa na sababu. Lililokosewa ni kifua kilichoipokea. Bendera aliyovishwa mtoto siku ya shangwe ndiyo hiyo hiyo itakayomtambulisha siku ya lawama.

Kinyume chake ni kisa cha mwaka 2008, mjini Limassol. Watoto watatu wa Georgia, kikundi cha Bzikebi, walivaa kama nyuki wakaimba kwa lugha ya kubuni, isiyo ya taifa lolote. Wakashinda. Bendera haikuwaacha, lakini kwa dakika chache wasikilizaji wa nchi nyingi walipewa kile hasa ambacho mtoto anacho cha kutoa: mchezo.

Basi si haramu kumsikiliza mtoto akiimba, wala kumwambia kuwa mwenzake leo ameimba vizuri zaidi. Kazi ya mikono yake na ipimwe, maana asiyepimwa hajifunzi. Kisichofaa ni kumtwika heshima ya nchi, mzigo ambao hata mawaziri huulalamikia. Na wakubwa wakijibu kwamba bila bendera hakuna atakayetazama, watakuwa wamejibu swali jengine: ngoma hii ni ya nani.