Jina Kwanza, Kisha Vipimo

Mama yangu ni fundi cherehani mjini Kayanga. Daftari lake la wateja lina utaratibu ambao hajawahi kuuvunja: juu jina, chini yake vipimo, yaani bega, kifua, kiuno, nyonga na urefu, na pembeni fedha iliyotangulizwa. Nikiwa darasa la sita niliachwa niangalie kazi, nikampima mteja na kusahau kuandika jina. Mama aliporudi aliichana ile karatasi. "Namba zisizo na mwenyewe," aliniuliza, "utamshonea nani?"

Swali hilo lilinirudia miaka mingi baadaye, nikiwa nimeanza masomo ya uzamili katika historia. Shule moja ya sekondari huku kwetu Karagwe iliniomba niwatengenezee mavazi ya igizo kuhusu ikulu ya Mfalme Rumanyika. Igizo lilianza Novemba 1861, Waingereza John Hanning Speke na James Grant walipofika Bweranyange, makao ya mfalme ambaye nchi yake ilichukua pia eneo linaloitwa leo wilaya ya Kyerwa. Nilikubali haraka. Nilidhani kazi yenyewe ni kusoma, kununua vitambaa na kushona.

Tatizo la kwanza lilikuwa mfalme. Mwalimu wa sanaa alitaka avae lubugo na ngozi, "ili watu waone asili yetu". Lakini Speke, katika kitabu chake cha 1863, anasema alimkuta Rumanyika amevaa joho jeusi la Kiarabu, miguuni ana shanga za rangi nyingi zilizofumwa kama soksi, na mikononi vikuku vya shaba vilivyofanyiwa kazi safi. Hakuna cha kushangaza hapo. Wafanyabiashara Waarabu walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na makao ya mfalme. Mfalme mwenye wageni kutoka pwani, mwenye ng'ombe na pembe za ndovu za kubadilishana, angekosaje joho?

Nilipoleta joho mazoezini, wanafunzi walicheka. "Dada, umemvalisha shehe!" Nikawaambia kwamba asili yetu haikuwa imefungiwa ndani ya boma. Babu zetu nao walipenda kitu kipya, walichagua, walijipamba kwa cha mbali na cha jirani. Kumvua Rumanyika joho lake ili afanane na picha tuliyonayo ya Mwafrika wa kale ni kumnyima haki ambayo sisi wenyewe tunaitumia kila tunapokwenda kuchagua mitumba. Mwalimu aliguna, lakini joho lilibaki.

Nilitoka pale nikiamini kwamba nimepata kanuni: fuata kumbukumbu ilivyo, na utakuwa umewatendea haki wafu. Kanuni hiyo ilidumu siku tatu.

Siku ya nne nilifika kwa mwanamke. Katika ikulu ya Karagwe wake wakubwa walinyweshwa maziwa hadi wakanenepa sana, kwa sababu unene ulikuwa heshima na dalili ya utajiri wa ng'ombe. Speke alimtembelea shemeji mmoja wa mfalme, akataka kumpima. Anaeleza mwenyewe kwamba walibadilishana: yeye amwonyeshe miguu na mikono yake iliyo wazi, mwanamke akubali kupimwa. Kisha anaorodhesha. Mzunguko wa mkono, futi 1 na inchi 11. Kifua, futi 4 na inchi 4. Paja, futi 2 na inchi 7. Ndama ya mguu, futi 1 na inchi 8. Urefu, futi 5 na inchi 8. Jina hakuandika.

Nakiri kwamba mwanzoni nilifurahi. Fundi anayetengeneza mavazi ya kale hubahatisha kila kitu, na mimi nilikuwa nimepata vipimo vya mtu halisi wa ikulu ileile. Nikavigeuza kuwa sentimita, kifua 132, mkono 58, nikaanza kukata sponji ya kumnenepesha binti wa kidato cha tatu aliyepewa nafasi hiyo. Nilipoandika namba zile kwenye daftari langu, mkono ulikwenda juu ya ukurasa kuandika jina, ukakuta hakuna cha kuandika.

Je, ni haki kutumia ujuzi uliopatikana kwa kumgeuza mtu kuwa kitu cha kutazamwa? Rafiki yangu anayesoma sheria aliniambia najisumbua. Mwanamke alikubali, alisema, tena aliahidiwa malipo yake na kulipwa. Hoja hiyo ina uzito, nami sitaki kumfanya shemeji wa mfalme kuwa mtu asiye na akili ya kupatana. Pengine alicheka usiku ule akiwasimulia wenzake juu ya miguu myeupe ya mgeni. Lakini alichokubali ni mapatano ya watu wawili ndani ya nyumba yake. Kitabu hakikuwamo katika mapatano hayo, wala wasomaji wa London, wala mimi na sponji yangu.

Jibu lilianza kuja kutoka kwenye kazi yenyewe. Nilikuwa nimeagiza lubugo kutoka Masaka, likapitia Mutukula. Lubugo ni gome la ndani la mti wa jamii ya mtini. Hubanduliwa, kisha hupondwa kwa nyundo za mbao hadi lilainike na kutanuka. Shina hufungwa majani ya mgomba, nalo huota gome jingine. Ufundi huo wa Uganda uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2008. Nilipolikunjua juu ya meza ya Mama nikaona jambo ambalo fundi nilipaswa kuliona tangu mwanzo: vazi hili halipimwi. Hujifungwa. Ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa kwa siagi, nayo hujifungwa. Mwili ukinenepa au ukikonda, vazi hufuata. Shona isiyo na mkasi haihitaji futi kamba.

Kwa hiyo zile namba tano hazikuwa na kazi yoyote katika kumvalisha yule mwanamke. Zilifaa kazi moja tu, kumtazama. Mama alipima watu ili wavae. Speke alipima ili sisi tushangae, nami nilikuwa karibu kuiendeleza kazi hiyo jukwaani, mbele ya wazazi, kwa usahihi wa sentimita.

Lakini kuacha unene pia kungekuwa uongo. Kama ningempandisha jukwaani binti mwembamba, ningekuwa nakiri kwamba unene ule ulikuwa aibu ya kufichwa, na hilo lingekuwa wazo letu la leo, si lao. Nilimweleza Mama mgogoro huu akiwa anatia uzi kwenye sindano.

"Wewe unataka watu wamwone vipi?" aliuliza.

"Kama mkubwa."

"Basi mshonee ukubwa. Mengine ya nini?"

Tukaziweka namba kando. Tulimfunga binti matambara na mablanketi hadi yeye mwenyewe akasema inatosha, tukamzungushia kitambaa kipana cha rangi ya ngozi. Tukaomba onyesho libadilishwe: akae katikati, maziwa yaletwe kwake, na kila anayeingia ampigie magoti. Mgeni na futi kamba yake walibaki, maana jambo lilitokea. Ila mwanamke hakusimama. Mgeni alilazimika kuinama.

Watazamaji walicheka kidogo alipofunuliwa, kisha wakanyamaza walipoona watu wanapiga magoti. Sisemi kwamba tulimtendea haki. Nadhani tuliacha tu kumwongezea deni.

Rumanyika jina lake liko hata kwenye hifadhi ya taifa, Rumanyika-Karagwe, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019. Siku ya kuandaa orodha ya wahusika, mwalimu alikuwa ameandika "Mwanamke Mnene". Binti aliyemwigiza akaomba kalamu, akafuta, akaandika "Shemeji wa Mfalme". Si jina, lakini ni cheo chake, na kinaonyesha alikuwa wa nani. Nami katika daftari langu nimeacha mstari wa juu mtupu. Vipimo sikuviandika tena chini yake.