JE, KUMFUNGIA MZEE NDANI NI KUMLINDA?



Kiangazi kikifika, toka mwezi wa sita, wazee wetu wanatoka sana nje. Kati yao wako waliopotewa na kumbukumbu. Mama mzee anaamka alfajiri, anafunga kitenge chake, anashuka ziwani hapa Baraka. Ukimuuliza, anajibu: «Nangoja mashua, nirudi nyumbani.» Kumbe alikwisha kurudi, wakati wakimbizi walipoanza kuletwa toka Kigoma mwaka 2005. Lakini moyo wake ungali ng'ambo.

Watoto wafanye nini? Wengine wanatia kufuli mlangoni, wanakwenda shambani. Hofu yao ni ya kweli: jua ni kali, mzee hasikii kiu upesi, vichaka vinachomwa, ziwa lina mawimbi. Lakini tujiulize mbele ya Mungu: kufuli lile linamlinda yeye, ama linatuepusha sisi na aibu na kazi? Moto ukishika nyumba, atatokea wapi?

Tena iko hatari kupita jua. Mzee anayetangatanga huitwa mchawi. Mwaka 2021, katika jimbo letu la Kivu ya Kusini, kina mama wazee waliuawa kwa neno hilo. Sisi tunaoamini unabii tuwe wa kwanza kulikataa. Huu ni ugonjwa wa ubongo. Aina yake moja ilielezwa na daktari Alois Alzheimer huko Ujerumani mwaka 1906. Unashika watu wa Ulaya, unashika na watu wa Fizi.

Basi, kulinda ni kutembea naye. Tumtoe asubuhi na jioni, si saa sita. Tumvike kofia, tumpe maji hata asipoomba. Tuwaambie majirani, wavuvi na wauza samaki: «Huyu ni mama yetu. Mkimwona peke yake, mshikeni mkono, mtuletee.» Vijana wa kanisa washike zamu, ili binti yake naye apate kulima. Akisema anangoja mashua, tusibishane naye. Tukae naye kidogo mchangani, kisha tumwambie: «Mama, twende kwanza tukale.»

Walawi 19:32 yatuagiza kumheshimu mwenye mvi. Tena tukumbuke: vita ilipotufukuza mwaka 1996, sisi tulikuwa wadogo, hatukujua njia. Yeye hakutufungia nyumbani. Alitubeba mgongoni.

Mungu atusaidie. Amina.