Piga Hesabu Kabla ya Kupiga Niru

Enyi watu wa Mafia! Ndugu zangu wa Kilindoni, Baleni, Kirongwe na Bweni, nanyi mlio ng'ambo Chole, Juani na Jibondo! Kabla hujamwita fundi, kabla hujampigia simu shemeji yako wa Mbagala akutazamie marumaru, kaa kitako na kalamu. Kaa na mwenzio wa ndani, mpige hesabu ya sakafu yenu kutoka udongo hadi juu, mpaka shilingi ya kuli wa mwisho. Nalisema hili kwa uchungu. Zipo nyumba nzuri zilizokwama humu kisiwani: ukuta umesimama, bati linang'aa, na ndani watoto wanalala juu ya vumbi, kwa sababu mwenye nyumba alitanguliza hamu, hesabu ikaja nyuma.

Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, aliwaokoa watu wa Misri na njaa kwa kupima, kuweka na kungoja. Miaka saba ya neema ilihesabiwa kwa ajili ya miaka saba ya dhiki. Mtume wa Mungu alisimamia ghala! Mimi na wewe ni nani hata tuone haya kuandika mifuko ya saruji kwenye daftari?

Sikilizeni basi. Bei unayotajiwa dukani si bei ya Mafia. Viwanda vya marumaru vimo katika mkoa wetu huu huu wa Pwani, kimoja Mkiu kule Mkuranga, kingine Chalinze. Saruji inatoka Wazo au Mtwara. Kwenye ramani hakuna umbali wa kutisha. Lakini kati ya Mkuranga na sebule yako kuna gari la kupita Bungu hadi Nyamisati, kuna makuli wa kupakia, kuna nauli ya chombo, kuna makuli wa kushusha Kilindoni, kuna kirikuu cha kufika Kanga. Na wa Jibondo akishafika Kilindoni anaanza upya: gari lingine, mashua nyingine, mabega mengine. Kila mkono unaogusa boksi lile unalipwa, na ni haki yake ulipwe. Dhambi ni yako wewe uliyejifanya kwamba mikono hiyo haipo.

Chukua sebule ya mita 4 kwa 5. Hizo ni mita 20 za mraba. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa vipande vya kukata na vya kuvunjika, unapata 22. Marumaru za sentimita 60 kwa 60, zikiwa nne ndani ya boksi, hufunika mita 1.44. Kwa hiyo unahitaji maboksi 16. Boksi la namna hiyo hukaribia kilo 30, maana yake umebeba karibu nusu tani kabla hujaweka mfuko hata mmoja wa saruji. Nusu tani ya kitu kinachovunjika, juu ya maji! Usinunue maboksi 15 ukasema la 16 utaliagiza baadaye. Tazama namba ya rangi iliyopigwa kwenye kila boksi. Marumaru za jina moja zilizochomwa siku tofauti hazifanani, na wewe huna duka la jirani la kukimbilia. Utalipa safari nzima kwa ajili ya boksi moja, na pengine lije lenye weupe mwingine.

Na bahari haingoji harusi ya binti yako. Kusi likivuma kwa nguvu, vyombo hulala na mizigo hulala navyo, na kilichobaki dukani Kilindoni hupanda bei. Wazee wetu walijua kusafirisha mizigo wakati wa maleleji, upepo mmoja umeondoka na mwingine haujashika. Marumaru haziozi, zinunue mapema, uzihifadhi. Saruji ndiyo inayoharibika. Hewa yetu ya chumvi na unyevu huila ndani ya mfuko, kwa hiyo iwe ya mwisho kununuliwa, na hata siku chache itakazongoja ikae juu ya mbao, mbali na ukuta. Tena, kwa nini kila mtu apakie peke yake? Majirani watano wa Ndagoni wakipatana wakakodi chombo kimoja, nauli iliyokuwa inammaliza mmoja itagawanyika. Tunachangiana jeneza, tunachangiana harusi. Tushindwe kuchangiana jahazi?

Sasa nije kwenye jambo linaloniunguza zaidi. Tunalipia kinachoonekana na kukinyima kisichoonekana! Sakafu huanza chini: kung'oa mizizi ya minazi, kuondoa udongo mweusi, kujaza kifusi, kumwagia maji na kushindilia tabaka kwa tabaka, kutandaza nailoni nzito ya kuzuia unyevu, ndipo jamvi la zege la inchi 4, ndipo niru. Marumaru ni ya mwisho kabisa. Lakini nenda ukaone: nailoni imerukwa, kushindilia kumefanywa kwa miguu ya vijana wawili jioni moja, jamvi limekuwa inchi 2, na fedha yote imewekwa kwenye mng'aro. Masika yakipita, maji ya ardhini hupanda na chumvi zake, marumaru hubanduka, ukigonga inalia tupu. Chumba cha mita 3 kwa 3, jamvi la inchi 4 kwa kipimo cha saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne, kinakula mifuko kama 6. Hiyo 6 usiibie! Na baada ya kumwaga, mwagilia maji siku saba. Weka na ndoo hizo za maji baridi kwenye hesabu, maana kuna vijiji vyetu ambako maji yanabebwa kwa jasho.

Nasema zaidi: pengine huhitaji marumaru kabisa. Mwaka 2000 jimbo la Coahuila huko Meksiko lilianza kuzimwagia saruji nyumba maskini zenye sakafu ya udongo, kila nyumba hadi mita 50 za mraba. Watafiti waliochapisha matokeo yao 2009 walikuta kwamba nyumba ikibadilishwa yote kutoka udongo kwenda saruji, minyoo kwa watoto wadogo hupungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49, upungufu wa damu kwa asilimia 81. Kwa saruji tupu! Mtoto anayetambaa Kiegeani hajui mng'aro. Anajua kutia mkono chini na kuupeleka kinywani. Afya yake imo ndani ya jamvi na niru, na niru iliyopigwa vizuri, ikasuguliwa na kutiwa rangi nyekundu, ni sakafu ya heshima ambayo mfalme angeikanyaga.

Basi anza na chumba wanacholala watoto. Sebule ingoje! Mgeni atakusamehe mkeka. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alilalia mkeka hadi ukaacha alama ubavuni mwake, na hakuna aliyekuwa na hadhi kumpita. Sisi tunaweka marumaru sebuleni ili mkwe aone, na nyuma ya pazia watoto wanalala kwenye mchanga wenye funza. Hilo si jambo dogo mbele ya Mwenyezi Mungu. Yeye amekataza ufujaji, na ufujaji haupimwi kwa wingi wa mali peke yake. Maskini naye hufuja pale anapotoa fedha ya dawa akaigeuza kuwa kioo cha kujitazamia.

Na msikope mikopo ya kausha damu. Nawasihi kwa jina la Mola wenu! Mkopo unaodai kila wiki haujui kwamba wiki hii bahari imechafuka na hukutoka. Haujui kwamba mwani haujakauka. Mapato ya kisiwa yana msimu: papa potwe wanapokuja kuanzia Oktoba, wenye boti na waongozaji wageni hupata, nazi ina siku yake, pweza ana bamvua lake. Sakafu nayo ifuate msimu. Msimu huu jaza kifusi na ushindilie. Msimu ujao mwaga jamvi la vyumba viwili. Kifusi kilichongoja mvua mbili huwa kimelala vizuri zaidi, kwa hiyo subira hapa haikupotezei kitu. Weka kwenye kikoba chenu kisicho na riba, na katika kila shilingi 100 za makisio ongeza 15 za dharura ambazo fundi hatazijua.

Wapo watakaoniambia: ustadhi, mchanga uko bure ufukweni. Hauko bure! Una chumvi, na chumvi ile itatoka kwenye niru yako kama ukungu mweupe na kula kila chuma kilichomo. Na ufuko huo ndio wanakotagia kasa, ndio unaozuia bahari isiingie shambani kwa jirani yako. Kokoto za matumbawe ni balaa kubwa zaidi. Waliojenga Kua na Kisimani Mafia walijenga kwa mawe ya bahari na chokaa yake, na baada yao miamba yetu iliendelea kuvunjwa na kuchomwa tanuruni vizazi kwa vizazi. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, ilianzishwa 1995, na matumbawe humo hayachimbwi. Lakini hata kusingekuwa na askari wa hifadhi, je, utabomoa nyumba ya samaki ili usakafie yako? Jiwe la tumbawe hukua kwa sentimita moja hivi kwa mwaka. Andika bei ya mchanga wa shimo na kokoto halali, na kama hesabu imezidi, punguza vyumba.

Ukishamaliza kukisia, andikianeni na fundi. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani ni aya ya deni, inayotuamuru tuandike na tuweke mashahidi. Mola alijua udhaifu wetu wa kusahau! Andika mita, unene wa jamvi, kipimo cha kuchanganya, nani anatoa maji, malipo ya kwanza ni kiasi gani na ya mwisho yanatoka siku gani. Fundi akimaliza, mlipe siku ile ile. Usimzungushe eti mpaka umpate mnunuzi wa nazi. Nazi haikuwa kwenye maandishi.

Na kuna maandishi mengine ambayo hayafanyiki kabisa, na hapa nawaambia wanaume wenzangu. Mkeo aliyetembea mwambani akitafuta pweza, aliyefunga kamba za mwani huko Juani maji yakimfika kiunoni, ameweka fedha yake kwenye ile saruji. Mali ya mwanamke ni yake, dini haikumpa mume ruhusa ya kuimeza. Ikija talaka, au ukifa ndugu zako wakaja kugawana, yeye atatoka na mkeka wake, huku mifuko yake sita imelala chini ya miguu ya watu wengine. Mkipiga hesabu ya sakafu, liandikwe jina lake, kiasi alichotoa na tarehe, mashahidi watie sahihi, na karatasi hiyo akae nayo yeye.