Ukosoaji katika Jumuiya ya Buddha

Uhuru wa kusema unapojadiliwa kuhusiana na Ubuddha, wengi hukimbilia mawaidha ambayo Buddha aliwapa Wakalama, jamii moja ya India ya kale, kwamba wasikubali jambo kwa kuwa tu limepokewa kwa wazee au limo vitabuni. Lakini ushahidi mzito zaidi umo katika Vinaya, yaani mkusanyo wa kanuni za maisha ya watawa. Humo husimuliwa habari za watawa wa ufalme wa Kosala waliokubaliana kukaa miezi mitatu ya mvua bila kusemezana, wakidhani kwamba kwa kunyamaza wangeepuka ugomvi. Buddha hakuwasifu, aliwakemea kwamba wameishi kama mifugo, akawakataza nadhiri ya ububu, na mahali pake akaweka pavarana, ibada ya kufunga msimu wa mvua ambamo kila mtawa, kuanzia aliye mkubwa, huchuchumaa mbele ya wenzake, viganja vimeunganishwa, akawaomba wamweleze kosa lolote waliloliona, walilolisikia au wanalolishuku. Simulizi za kale hazimwachi nje hata Buddha mwenyewe, kwani zinasema kwamba naye aliwauliza watawa kama wana la kumlaumu kwa tendo au kwa neno.

Ni kweli kwamba kauli njema, mojawapo ya sehemu nane za njia aliyoifundisha, hukataza uongo, uchonganishi, matusi na porojo, lakini mipaka hiyo msemaji hujiwekea mwenyewe, wala haimpi aliyeudhika rungu la kumpigia mwenzake. Katika Brahmajala, hotuba inayofungua mkusanyo wa Digha Nikaya, wafuasi wanaonywa wasiwakasirikie wanaomkashifu Buddha, mafundisho yake au sangha, yaani jumuiya ya watawa, kwa sababu mwenye hasira hawezi kupima iwapo yanayosemwa ni ya kweli. Wajibu wao ni kueleza palipo na uongo, basi.

Kwa kipimo hicho, sheria ya Myanmar inayoadhibu udhalilishaji wa dini, ambayo kwa asili ni urithi wa wakoloni Waingereza, haitetewi kwa urahisi na hoja za Kibuddha. Mwaka 2015 ilimtia hatiani mwandishi Htin Lin Oo, aliyehukumiwa kifungo cha miaka miwili na kazi ngumu kwa hotuba iliyolaumu matumizi ya Ubuddha katika kuchochea ubaguzi. Waliomshtaki walidai kwamba dini imetukanwa. Hata kama dai hilo lingekuwa la kweli, Brahmajala ingewataka wamjibu.