Sahihi Mbili

Mtu akipoteza kazi, kinachomtoka kwanza si fedha. Fedha huchukua wiki mbili tatu kuisha. Kinachomtoka siku ileile ni jibu la swali dogo aulizwalo kila mahali: "Siku hizi uko wapi?" Mimi niliulizwa kwenye daladala, nikaulizwa msibani, nikaulizwa na kinyozi wangu, na kila mara nilitaja mahali ambapo sikuwa nikienda tena.

Nilikuwa mtunza stoo katika kampuni moja hapa Dar es Salaam kwa miaka 9. Mwaka 2021 biashara iliyumba, tukaitwa ofisini mmoja mmoja. Nilipoingia niliwekewa mbele karatasi iliyokwisha chapwa, ikisema kwamba mimi mwenyewe, kwa hiari yangu, naomba kuacha kazi. Nikaambiwa kwa upole kuwa barua ya namna hiyo ina heshima zaidi, kwani haitaonekana kuwa nimefukuzwa. Nilikuwa karibu kuishika kalamu. Aliyeniokoa ni mzee mmoja, mlinzi wa getini, ambaye asubuhi ile alininong'oneza: "Mwanangu, usitie sahihi jambo ambalo hukulitenda."

Nilikataa. Kwa kununa, wakaniandikia barua ya kunipunguza kazini.

Uzito wa maneno ya mzee yule niliuelewa baadaye. Sheria ya mwaka 2018, ileile iliyounganisha mifuko ya pensheni, ndiyo iliyoleta fao la kukosa ajira. Utaratibu nilioukuta mimi ni huu: mwanachama aliyechangia kwa miezi 18 au zaidi, akaachishwa kazi, alilipwa theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi 6. Aliyeacha kazi kwa hiari yake hakuhesabiwa. Sahihi ile moja, ya uongo wenye sura ya heshima, ingeninyima yote.

Hata hivyo nilikaa wiki tatu bila kwenda kuomba. Niliona haya. Nilijiona kama mtu anayekwenda kunyoosha mkono. Mke wangu ndiye aliyenitoa ndani. "Baba Neema," aliniambia, "kwani hiyo ni sadaka? Si kila mwezi walikuwa wakikukata?"

Alikuwa na haki, lakini nilipolitafakari zaidi niliona kuwa hata yeye alisema nusu tu ya ukweli. Sote tunajua upatu, na sote tunajua chama cha kuzikana. Katika upatu kila mmoja huchanga akiingoja zamu yake kwa furaha. Katika chama cha kuzikana kila mmoja huchanga akiomba zamu yake isifike. Fao la kukosa ajira ni ndugu wa chama cha kuzikana. Halikuwa sadaka, maana nilichangia. Lakini pia halikuwa mali yangu ya kuchota nipendavyo, maana lilikuwa la aliyefikwa. Nilikuwa nimefikwa. Nikachukua barua na kitambulisho changu, nikaenda.

Ndugu msomaji, kama hadithi ingeishia hapo ningekuwa mtu mwema asiye na la kujifunza. Mwezi wa tatu rafiki yangu mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliniita. Alihitaji mtu wa stoo. "Nitakulipa mkononi," alisema. "Huko kwenye mfuko watajuaje?" Theluthi ya mshahara ilikuwa haitoshi hata kodi ya nyumba na ada ya shule. Nikakubali. Moyoni nilijitengenezea hoja nzuri sana: walitaka kunidhulumu, sasa nami najilipa.

Fedha ya mwezi wa nne iliingia nikiwa dukani, nikihesabu mabati. Nilisoma ujumbe wa benki, nikaikumbuka ile karatasi iliyochapwa. Ile ilisema nimeacha kazi kwa hiari, nami sikuwa nimeacha. Sasa ukimya wangu ulisema sina kazi, nami nilikuwa nayo. Tofauti ilikuwa moja tu: uongo wa kwanza ungeniumiza mimi, wa pili ulininufaisha. Je, niliupenda ukweli siku ile ofisini, au nilikipenda kilichokuwa changu?

Sikukimbilia kutubu. Siku 19 zilipita. Ndipo nilipokwenda kueleza kuwa nimepata kazi, nikaandika barua, nikairudisha fedha ya mwezi ule. Nikamwomba na rafiki yangu aniandikishe kwenye mfuko, kwa kuwa anayelipwa mkononi hachangii, na asiyechangia atakuja kufikwa peke yake. Alinuna wiki nzima, kisha akaniandikisha.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa kumsuta mvivu. Mimi naona inawaamuru watu wawili. Inamwamuru mwenyeji atoe jembe, kwani huwezi kumlaumu mtu kwa kutolima ilhali jembe umelificha. Nayo inamwamuru mgeni, akishapewa jembe, ainuke mkekani, ili anayekuja nyuma yake akute mahali pa kukaa. Tunasema sana juu ya amri moja na kuisahau nyingine, kutegemea sisi wenyewe tumekaa upande gani.

Kodi ya mwezi ule tuliilipa kwa kukopa. Mke wangu hakunilaumu, wala hakunisifu. Aliandika deni kwenye daftari lake, akaniuliza kesho naamka saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na moja, niwahi dukani.