Ukipewa nafasi ya kuandika tasnifu, iandike

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika teknolojia ya biashara mara nyingi hufika mahali pa kuchagua: amalize kwa masomo ya darasani na mradi mfupi, au aandike tasnifu. Ushauri anaopata maofisini na kwa waliomtangulia unajulikana: tasnifu itakuchelewesha, msimamizi atakuzungusha, na bosi hana haja nayo. Hofu hizo zina msingi. Hata hivyo naamini kwamba katika fani hii, pengine kuliko nyingi, tasnifu ndiyo sehemu ya shahada yenye faida kubwa zaidi kazini.

Sababu yangu ni kwamba fani yenyewe inaendeshwa kwa ahadi. Mfumo mpya ukiletwa ofisini, tunaambiwa foleni itapungua, wizi utakoma na mapato yatapanda. Mwaka ukipita, ni nadra mtu kurudi kupima. Mapato yakipanda, mfumo unasifiwa, hata kama kilichoyapandisha ni mshindani wa jirani kufunga duka. Yakishuka, wanalaumiwa wafanyakazi kwa kutoupokea vizuri. Darasani mtu anafundishwa namna mfumo unavyojengwa na unavyosimamiwa. Kujua kama umefanya kazi ni ujuzi mwingine, nao haupatikani kwa mtihani wa saa tatu. Unapatikana kwa kukaa na swali moja kwa miezi, huku ukiuacha ushahidi ukukatalie.

Tuchukue M-Pesa, huduma ya pesa za simu iliyozinduliwa Kenya Machi 2007. Majukwaani tumezoea kusikia kwamba pesa za simu zimemkomboa mnyonge. Lakini umejuaje? Walioanza mapema kutumia huduma hiyo walielekea kuwa na uwezo zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo ukiwalinganisha moja kwa moja na wasioitumia, unaweza kuisifu simu kwa kazi iliyofanywa na mshahara. Wachumi Tavneet Suri na William Jack walizifuatilia kaya zilezile kwa miaka, na wakatumia tofauti za jinsi mawakala walivyosogea karibu na kila kaya. Mwaka 2014 walionyesha kwamba kaya zisizotumia huduma hiyo zilipopatwa na msukosuko kama ugonjwa au kupoteza kazi, matumizi yao yalishuka kwa takriban asilimia 7, lakini ya watumiaji hayakutikisika. Mwaka 2016 walikadiria kwamba kaya 194,000, yaani asilimia 2 ya kaya za Kenya, zilitoka kwenye umaskini, na manufaa yalionekana zaidi kwa kaya zinazoongozwa na wanawake. Asilimia 2 ni ndogo ukiilinganisha na hotuba, lakini inaweza kusimama mbele ya mtu anayeipinga.

Hata kuzaliwa kwa huduma hiyo kunafundisha jambo lilelile. Majaribio ya mwaka 2005 yalilenga kuwarahisishia wakopaji wadogo marejesho ya mikopo. Wahusika walipotazama wateja wanafanya nini hasa, waliona watu wakitumiana pesa wao kwa wao. Wazo la mikopo likawekwa kando, na huduma ikazinduliwa kwa ajili ya kutuma pesa nyumbani. Nidhamu ya kuuacha mpango wako ulioupenda kwa sababu data imesema vingine ndiyo ambayo tasnifu nzuri humjengea mtu.

Mwanafunzi hahitaji swali kubwa kiasi hicho. Anahitaji dogo lenye makali. “Athari za teknolojia kwa biashara ndogo” si swali, ni ghala. Tuseme badala yake duka la vitenge Kariakoo, Dar es Salaam, lina kibandiko cha Lipa Namba, yaani namba ya kulipia kwa simu, kwenye kaunta, lakini muuzaji anamwambia mteja, “Dada, kama una keshi itakuwa vizuri.” Kwa nini? Huenda ni makato. Huenda mzigo wa kesho asubuhi unalipiwa taslimu. Huenda ni woga wa kodi. Au laini iko kwa tajiri, na muuzaji haoni ujumbe wa malipo hadi apige simu, huku mteja amesimama akisubiri. Kila jibu lina dawa yake: ada ikipunguzwa itatibu la kwanza, wala haitagusa la mwisho. Kulijua jibu kunataka maduka machache, daftari za mauzo za miezi kadhaa, na mtu asiye na haraka.

Atakayesema muda na ada vinambana, simbishii. Mwenye kazi na watoto anayejilipia hakwepi tasnifu kwa uvivu. Data nayo haitolewi ovyo: Kenya mtafiti anahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zimezifanya kampuni ziwe na uangalifu. Ndiyo maana vitu viwili vitangulie uchaguzi: msimamizi aliyekubali kukusoma, na data ambayo mkono wako unaifikia. Vikikosekana vyote viwili, chukua mradi, tena bila aibu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba tasnifu huishia kabatini, na siku hizi zipo za kuandikiwa, na mtu au na mashine. Ni kweli, sura tano zilizounganishwa kwa kunakili hazimsaidii yeyote. Lakini hoja hiyo inanipa nguvu. Maandishi laini yakiwa rahisi kupatikana, thamani inahamia kwa anayeweza kueleza alivyopata namba zake na mahali zinapoishia. Kitabu kinaweza kubaki kabatini, lakini aliyekitolea jasho anaingia kikaoni na swali ambalo wengine hawakujifunza kuuliza: tutajuaje kama mfumo huu umefanya kazi, na tupime nini leo kabla haujawashwa? Kipimo cha hali ya mwanzo hakichukuliwi baada ya mfumo kuanza. Ofisi inayomsikiliza mtu huyo kabla ya kusaini mkataba itakuwa imerudishiwa gharama ya tasnifu yake mara nyingi.